Mkojo kuvuja baada ya kuondolewa tezi dume una tiba

Baba ameondolewa tezi dume yenye saratani, na familia inamshukuru Mungu. Lakini miezi inapita, haendi tena msikitini wala harusini. Anakunywa maji kidogo na nguo zake anafua mwenyewe. Nyumbani wanasema ni uzee. Sivyo. Mkojo unamvuja, na anaona haya kusema.

Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu, jirani na msuli unaoubana mrija huo. Tezi yote ikiondolewa, msuli huweza kudhoofika. Mtu akikohoa, akicheka au akibeba mzigo, mkojo unatoka.

Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja, hasa wakifanya kila siku mazoezi ya kubana na kuachia misuli ya nyonga, kama mtu anayezuia upepo usitoke.

Mwaka ukipita bila nafuu, kuna upasuaji. Anayevuja kidogo anaweza kuwekewa ukanda wa kuutegemeza mrija. Anayevuja sana huwekewa msuli wa bandia, tiba iliyoanza miaka ya 1970. Una kola yenye maji inayoubana mrija, puto dogo tumboni na pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani. Akitaka kukojoa anabonyeza pampu, kola inalegea, na baada ya dakika chache inajibana yenyewe. Huanza kutumika takriban wiki sita baada ya upasuaji, kidonda kikishapona.

Tusifiche: kifaa hiki ni ghali, kinaweza kupata maambukizi au kuharibika, na wengine hulazimika kupasuliwa tena baada ya miaka. Aliyenacho amwambie kila mhudumu kabla ya kuwekwa mpira wa mkojo, kwani ukisukumwa kola ikiwa imebana, mrija utajeruhiwa.

Madaktari, elezeni jambo hili kabla ya upasuaji wa saratani, na ulizeni kila mgonjwa anaporudi kliniki. Nanyi watoto, msimcheke mzee; mpelekeni kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo. Na wewe baba, hesabu pedi unazotumia kwa siku, umtajie daktari. Idadi hiyo itamsaidia kuchagua tiba. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.