Mtoto Haumwi, Kliniki ya Nini?

Hapa Mkuyuni swali hilo twalisikia mara nyingi. Jibu lake lilipatikana Dar es Salaam.

Mwaka 1995 watafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianza kuwafuatilia wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI. Wapo waliopewa vitamini B, C na E, wapo waliopewa vitamini A. Mwaka 1998 ilionekana kuwa B, C na E zilipunguza mimba kuharibika na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Vitamini A haikuonyesha faida hiyo.

Watoto wakaendelea kupimwa hadi miaka miwili. Ndipo mwaka 2002 ikabainika kwamba vitamini A waliyopewa mama hao iliongeza hatari ya mtoto kuambukizwa. Je, kama wangeacha kurudi kwa sababu mtoto anacheza, nani angegundua? (Matone ya vitamini A wapewayo watoto kliniki ni jambo jingine, msiyaache.)

Basi akina baba, msimwachie mama peke yake safari ya kliniki. Na mtafiti akifika kwenu, ulizeni maswali; kukataa ni haki yenu. Lakini mkikubali, jitahidini kurudi hadi mwisho.