Kengele Ikinyamaza



Mwalimu mmoja jirani yetu hapa Sumbawanga alifunga shule Ijumaa. Jumatatu alikuwa tena mbele ya ubao, akifundisha tuisheni sebuleni kwake. Jirani mwingine, fundi seremala, hufunga karakana Jumamosi mchana, akaja kigangoni kutengeneza mabenchi yaliyovunjika. Halipwi. Wanawe humshikia mbao, wakicheka naye.

Wote wawili hutumia mapumziko yao kwa kazi ileile. Lakini ni mmoja tu anayepumzika.

Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa inatutaka Jumapili na sikukuu za amri tuache kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana, na mapumziko ya mwili na akili. Haitaji jembe wala randa. Inatazama kazi hiyo inamnyang'anya mtu nini. Kwa hiyo naona swali la kujiuliza ni hili: malipo na amri vikiondolewa, ningeendelea? Fundi angeendelea. Mwalimu aliniambia wazi kwamba angelala. Simlaumu; ana ada za kulipa. Ila sisi tunaompelekea watoto hadi Jumapili tukumbuke kwamba naye ana watoto, na wanakula bila yeye.

Nasi waseminari tusijifiche nyuma ya mwalimu. Seminarini kengele hutuamsha, hutupeleka kanisani, hutupeleka darasani. Tukifika nyumbani, wengine husema, "Niko likizo," na sala nazo huenda likizo. Mimi nilikuwa mmoja wao. Likizo yangu ya kwanza ya Pasaka nilikaa wiki nzima bila kufungua kitabu cha sala. Nilijiambia kwamba nimechoka.

Mama alikuwa akishinda shambani, akifukia majani kwenye matuta kama tufanyavyo Ufipa mvua zinapoelekea ukingoni. Jioni alirudi na udongo miguuni, akanawa, akachukua rozari. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba, njoo tusali." Hakuna kengele iliyomwita.

Usiku ule nilielewa kwamba kwangu sala ilikuwa kazi, na kwake ilikuwa pumziko. Ndugu mseminari, usiipime miito yako kwa muhula. Ipime kwa likizo.