Mtoto anapogeuka mkalimani wa wazazi wake

Msikilizaji wetu, kama umewahi kumsomea bibi ujumbe wa pesa ulioingia kwenye simu yake, utaelewa habari hii upesi.

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino milioni 62, karibu mtu mmoja katika kila watano. Ni watu wenye asili ya Mexico, Kuba, El Salvador na nchi jirani. Katika familia zilizohamia karibuni, mara nyingi mtoto ndiye anayemtafsiria mama kwa daktari, benki, hata kwa mwalimu wake mwenyewe.

Kwa nini mtoto? Yeye yuko shuleni, Kiingereza anakishika haraka. Mzazi yuko shambani, jikoni mwa hoteli au kwenye ujenzi, na wenzake wanaongea Kihispania.

Hapo ndipo heshima ya nyumbani inapotikisika. Anayejua deni la baba huanza kuona ana sauti sawa na baba. Tangu miaka ya 1970, mwanasaikolojia José Szapocznik na wenzake walichunguza familia za Wakuba mjini Miami. Waliona ugomvi unazidi pale kijana anapokimbilia mila za Marekani na mzazi kubaki na za kwao. Ushauri wao haukuwa kumrudisha kijana nyuma, bali kila upande ujifunze kutoka kwa mwenzake.

Hata hivyo si hasara tupu. Wapo watoto wanaojivunia kuibeba familia.

Sasa serikali inaingiaje? Mwaka 2000 Rais Bill Clinton aliagiza ofisi za serikali kuu ziwasaidie wasiojua Kiingereza vizuri. Machi 2025 Rais Donald Trump alifuta agizo hilo na kukitangaza Kiingereza lugha rasmi. Ofisi hazikukatazwa kutafsiri, ila ziliachiwa ziamue zenyewe.

Kwa maoni yetu, hilo ndilo la kuangaliwa. Ofisi ikimwondoa mkalimani, kazi haipotei, inamwangukia mtoto. Kutafsiri bei dukani hakumdhuru. Lakini kumwambia mama kwamba ana saratani si mzigo wa mtoto wa miaka kumi na mmoja.