Mzungu Akikopa Ni Mtunzi, Sisi Tukikopa Ni "Wimbo wa Kienyeji"

Taja watunzi watatu wa muziki wa klasiki. Haraka. Mozart, Beethoven, Bach, si ndio? Sasa taja mmoja tu kutoka Kenya ama Uganda.

Kimya.

Na bado kuna wasee hapa Nakuru, ukiposti klipu ya kwaya, wanakimbia kwa komenti kukuambia hiyo ni ngoma ya wazungu, wachana nayo. Manze, hiyo ngoma umeiimba tangu darasa la kwanza, umesimama wima, mikono chini, bendera ikipanda. Ee Mungu Nguvu Yetu haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka wa 1963 watu watano walipewa kazi ya kuitengeneza: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti ilitoka kwa wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, kule Mto Tana, na Mzee Meza Moroa Galana ndiye anayetajwa kuwa aliwapa. Wao wakaupa maneno mapya na mpangilio mpya. Hiyo ndiyo kazi ya mtunzi. Lakini uliza mtu yeyote hapo Kenyatta Avenue nani alitunga, atakuambia ni "ya serikali."

Kuna msemo unaoniudhi kuliko huo: "Sisi hatuna klasiki, tuna nyimbo za kienyeji tu." Sikia visa viwili, halafu uniambie tofauti iko wapi.

Cha kwanza ni cha hapa Bonde la Ufa. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, upande wa Kericho, na mashine yake ya kurekodi. Wakipsigis walikuwa wameshasikia santuri za Jimmie Rodgers, Mmarekani wa muziki wa kantri. Jina lake likageuka kuwa Chemirocha, na jamaa mwenyewe akageuka kiumbe nusu mtu nusu swara. Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake waliuimba wimbo wake kwa mlio wa chepkong', chombo cha nyuzi cha huko huko. Walisikia sauti ya mbali, wakaitafuna, wakatoa kitu ambacho Rodgers mwenyewe asingekitambua.

Cha pili. Mwaka wa 1985 György Ligeti, Mhungaria, alimaliza kitabu cha kwanza cha Études zake za piano. Moja ya vitu vilivyomfungua akili ni midundo ya Afrika ya Kati, ambayo aliisikia kwenye rekodi za Simha Arom. Alisikia sauti ya mbali, akaitafuna, akatoa kitu kipya.

Ni kitendo kile kile! Lakini Ligeti anaitwa gwiji, na wasichana wa Kapkatet wanaitwa mila na desturi. Sina ugomvi na Ligeti, yeye hakuficha alikokopa. Ugomvi wangu ni na sisi, kwa sababu sisi ndio tunafuta majina ya watu wetu.

Nimeshika programu za matamasha ya kwaya ambapo wimbo wa Handel umeandikwa Handel, na ule unaofuata umeandikwa "wa kienyeji", nukta. Kwani ulijipanga wenyewe? Sauti nne zilijigawa zenyewe usiku? Kuna mtu alikaa na kalamu. Arthur Kemoli, aliyekuwa mhadhiri wa fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, alipanga nyimbo za Waluhya kwa ajili ya kwaya. Kuna watu wameziimba mpaka jasho likawatoka na bado hawajui jina lake.

Ukivuka mpaka ni hadithi ile ile. Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, ikaimbwa Roma mwaka wa 1964 walipotangazwa watakatifu. Justinian Tamusuza aliandikia fidla mbili, viola na selo muziki wenye midundo ya Kiganda, na Kronos Quartet ya Marekani wakaurekodi kwa albamu yao Pieces of Africa, 1992. Wamarekani waliusikia. Wewe uliye na bando unaujua?

Najua mtu ataniambia, "Buda, watu wanatafuta unga, wewe unaleta majina." Jina ndilo unga. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo. Lakini ukiandika "wa kienyeji", nani atalipwa? Nani ataombwa ruhusa? Familia yake itaanzia wapi kudai? Jina likishapotea, hiyo sheria ni karatasi tu.

Mwingine atasema nyimbo hizi ni za jamii nzima, si za mtu mmoja. Sawa kabisa. Basi andika jamii, halafu andika na mtu aliyeupanga. Wapokomo wana haki yao na wale watano wana yao. Heshima si mkate, haiishi ukiigawa.

Kwa hivyo hii ndiyo ombi langu kwa kila mwenye simu, iwe uko Lanet, Naivasha ama Gilgil. Msimu wa matamasha ya shule ukifika, mtarekodi klipu kama kawaida. Kabla hujaposti, muulize mwalimu wa kwaya vitu vitatu: wimbo ni wa jamii gani, nani aliutunga, nani aliupanga. Andika hayo chini ya klipu. Kama mwalimu hajui, mwambie aulize aliyempa noti. Na wewe mwalimu wa kwaya, ukitoa kopi, usikate ile sehemu ya juu yenye jina ili karatasi itoshe.