Mtoto akiitwa usaili wa siku nzima, mzazi ajiandaeje?

Ujumbe unaingia kwenye simu Jumanne mchana. Kijana ameitwa usaili wa programu ya wahitimu kwenye kampuni kubwa. Afike Alhamisi saa 1:30 asubuhi akiwa na kitambulisho na vyeti halisi. Shughuli itamalizika saa 10 jioni.

Mama anausoma mara mbili. "Usaili gani wa kutwa nzima, mwanangu? Hawa si matapeli?"

Mama ana haki ya kuuliza. Matapeli wa ajira wapo, na dalili yao kubwa ni kudai pesa. Mwajiri wa kweli hamtozi msailiwa ada ya fomu, ya usaili wala ya kupimwa afya. Mkiwa na shaka, pigeni simu kwa namba iliyopo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, msitumie ile iliyotuma ujumbe.

Lakini usaili wa siku nzima upo. Benki, kampuni za simu na za ukaguzi wa hesabu ni miongoni mwa zinazoutumia kuchagua wahitimu. Jeshi la Uingereza liliutumia kuteua maofisa kuanzia mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1956 kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ikaanza kuwapima hivyo mameneja wake vijana. Sababu ni kwamba mtu anaweza kukariri majibu ya nusu saa, ila kuigiza tabia isiyo yake kwa saa nane ni kazi ngumu.

Siku yenyewe inavyokwenda

Mara nyingi huanza na mtihani, kwenye karatasi au kompyuta. Maswali ya hesabu huwa ya kawaida, shida ni muda. Kwa mfano: mauzo yamepanda kutoka Sh80 milioni hadi Sh92 milioni, yamepanda kwa asilimia ngapi? Jibu ni 15, lakini linatakiwa ndani ya dakika moja hivi, kisha lingine, na lingine.

Yapo pia maswali ya kusoma na kuelewa. Kifungu kinasema kampuni ilifungua matawi mawili Mwanza mwaka jana. Je, ni kweli kwamba haikuwa na tawi Mwanza kabla ya hapo? Wengi hujibu "kweli". Jibu sahihi ni "haiwezi kujulikana", kwa sababu kifungu hakijasema. Mhitimu mwenye alama nzuri chuoni anaweza kuangukia hapo kwa kutozoea tu, ndiyo maana mazoezi ya nusu saa kila siku kwa wiki moja au mbili kabla husaidia.

Baadaye hufuata kazi ya kikundi. Vijana watano au sita wasiojuana hukalishwa meza moja na kupewa jambo la kuamua, tuseme bajeti ya Sh50 milioni na miradi mitatu inayoigombea. Pembeni wameketi wasaili, kimya, wanaandika. Wanaangalia nani anasikiliza, nani anamkaribisha aliyenyamaza, nani anakumbuka saa na nani anabadili msimamo akisikia hoja nzuri zaidi. Anayezungumza peke yake hupoteza alama. Asiyefungua mdomo naye hupoteza, kwa sababu wasaili hawana cha kuandika juu yake.

Hapa malezi yanaonekana. Vijana wengi wamekua wakifundishwa kuwa mtoto mwenye adabu hanyanyui sauti mbele ya wakubwa. Adabu hiyo ni nzuri, ila ikiwa hajawahi kuulizwa nyumbani "wewe unaonaje?", kulisema lililo moyoni mbele ya wageni kutamtoa jasho. Mezani, wakati wa chakula cha usiku, ni mahali pa kuanzia. Mwulizeni maoni, mpingeni kidogo, mwacheni ajitetee.

Mwishoni huja mahojiano, mara nyingi kwa Kiingereza. Swali la kawaida ni la kutaka mfano: "Tueleze siku ulipofanya kazi na mtu msiyeelewana naye." Jibu zuri lina hatua nne: hali ilikuwaje, jukumu lake lilikuwa lipi, alifanya nini, matokeo yakawa nini.

Vijana husema hawana mifano kwa sababu hawajawahi kuajiriwa. Mzazi anakumbuka zaidi. Ni nani aliyeshika hesabu za duka mama alipolazwa? Nani aliyekuwa mweka hazina wa kwaya? Hiyo ni mifano halali. Mkumbusheni.

Mwili nao unasailiwa

Watu wazima wanahitaji usingizi wa angalau saa saba. Kijana anayekesha akisoma habari za kampuni mpaka alfajiri anaingia kwenye mtihani akiwa na kichwa kizito, na hesabu ya dakika moja inamchukua tatu. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viachwe tangu mchana wa siku iliyotangulia, kwa kuwa kafeini hukaa mwilini saa nyingi.

Asubuhi ale, hata kama anasema hana hamu. Uji na yai, au viazi vitamu na chai, vinatosha. Kisijaribiwe chakula kigeni siku hiyo. Abebe maji. Mwenye pumu, kisukari au selimundu abebe dawa zake na asione haya kumweleza mratibu mapema.

Moyo kwenda mbio, viganja kutoa jasho na kukimbilia chooni ni mwili unaojiandaa kwa jambo kubwa, si ugonjwa. Kinachosaidia ni kuvuta pumzi taratibu kwa kuhesabu hadi nne, kisha kuitoa kwa kuhesabu hadi sita, mara kadhaa.

Binti zetu pia wajue haki zao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu au VVU, na inamlinda hata anayeomba kazi.

Akirudi nyumbani

Simu ya mzazi izimwe mdomo siku hiyo. Ujumbe wa "vipi, umefikia wapi?" saa sita mchana unamkuta akila chakula cha mchana na wasaili, na moyo unaanza upya kwenda mbio.

Jioni, swali la "umepata?" halina jibu. Majibu huchukua siku au wiki kadhaa, na waliokuwa wakisailiwa hawakuambiwa kitu. Mzazi aliyeuza shamba kulipa ada ana kila sababu ya kutaka kujua, na kijana anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Ameingia getini na deni hilo kichwani kutwa nzima. Mpeni chakula kwanza. Ataeleza mwenyewe.

Asipochaguliwa, ashauriwe kuiandikia kampuni kwa heshima kuomba maoni. Baadhi hujibu, na yanamsaidia safari ijayo. Ila mkiona kwa wiki mbili mfululizo halali vizuri, hali, anajitenga au anasema hana maana tena, msisubiri barua nyingine ya usaili. Mpelekeni kituo cha afya azungumze na mtaalamu. Na akitamka kwamba anataka kujidhuru, mpelekeni siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.