Picha za Marehemu Zisifungiwe Kabatini

Ipo desturi miongoni mwetu ambayo yafaa tuitafakari upya. Mtu akifiwa na mume au mke, jamaa wenye nia njema huziondoa picha za marehemu ukutani na kuzifungia kabatini, wakiamini kwamba macho yasipoona, moyo hautauma. Mimi nimefiwa na mke, nami nashikilia kwamba dawa hiyo haiponyi. Ugonjwa wake ulidumu miezi saba. Baada ya mazishi, kila nilipomkumbuka nilimwona katika kitanda cha hospitali. Miaka thelathini ya ndoa ilikuwa imefunikwa na miezi saba!

Kilichonifaa ni mkasi, gundi na nakala za picha. Nasema nakala, kwa maana picha ya asili haikatwi. Nilichukua picha aliyopigwa studioni mwaka wa 1988 akiwa mwanachuo wa ualimu, nikaikata nakala yake kwa uangalifu, nikamweka chini ya mwembe alioupanda kwa mikono yake na ambao ulianza kuzaa yeye hayupo. Taa ya studio ilikuwa imemmulika kutoka kushoto, ilhali jua la mwembeni lilitoka kulia. Ikanilazimu kuupiga mwembe picha upya asubuhi, vivuli vipate kulingana. Ili nisimkate vibaya, nilivitazama vidole vyake kimoja kimoja, ukosi wa gauni lake, na namna alivyoinamisha shingo alipozuia kicheko. Muda huo wote nilikuwa na mke wangu, si na maradhi yake.

Watakuwapo watakaosema kwamba hiyo ni picha ya uongo. La hasha! Anayejua kuwa picha imeundwa hajadanganywa. Wala sanaa hii si ngeni kwetu. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1993, alisifika kwa picha za kuunganisha, ambamo sura ya mtu hutokea mahali ambapo kamera peke yake isingeweza kumweka.

Ninachokitilia shaka ni programu za akili unde zinazomfanya marehemu atabasamu na kunena kwa kubonyeza kidude tu. Huko mfiwa hafanyi kazi yoyote, na marehemu hulishwa maneno ambayo hakuyasema. Picha ya mkono haimsemeshi mtu. Humsaidia aliyebaki kukumbuka.

Walimu wenzangu, katika madarasa yetu wamo wanafunzi waliofiwa na wazazi, na nyumbani kwao mna mzazi aliyebaki ambaye hajui aanzie wapi. Mtaala wa umilisi umeipa sanaa nafasi. Tuitumie. Mwanafunzi aliye tayari, na mlezi wake akiridhia, na alete nakala ya picha, aambatishe jani, kipande cha leso au mwandiko wa marehemu, aunde picha mpya. Asilazimishwe, wala kazi hiyo isitiwe alama, kwani huzuni haisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Akimaliza aipeleke nyumbani, aketi na mzazi wake, wamtaje marehemu kwa jina bila ya kunong'ona.

Nanyi jamaa wa wafiwa, rudisheni funguo za kabati. Mjane na mgane ndio wenye haki ya kuamua ni picha ipi itundikwe na ipi ihifadhiwe.