Mtoto Akijibu, Tumthamini



Wazazi wenzetu wa Kwale, toka Diani hadi Msambweni, watoto wetu wengi huamka wakisema Chidigo, husomeshwa skuli kwa Kiswahili na Kiingereza, na jioni huketi chuoni mbele ya herufi za Kiarabu. Huo ni mzigo mkubwa kwa kifua kidogo. Akikosea neno moja wenzake wakamcheka, na mwalimu akanyamaza, kesho yake hainui mkono. Mwisho wa mwaka twaambiwa mtoto ni mzito wa kufahamu, kumbe ni hofu iliyomfunga ulimi.

Na tutazame alivyofundisha Mtume wetu (S.A.W.). Amepokea Imamu Muslim ya kwamba alimuuliza Ubayy bin Kaab (R.A.) ni aya gani iliyo tukufu zaidi katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Ubayy akajibu kuwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake ndio wajuao zaidi. Mtume hakumwacha, alimrudilia swali lile lile. Ndipo Ubayy alipoitaja Ayatul Kursiy. Mtume akamgusa kifuani kwa mkono wake, akampongeza kwa elimu aliyojaaliwa, huku akimwita Abul Mundhir.

Humo mna mafunzo matatu: kumpa mwanafunzi nafasi ya pili, kumwita kwa jina la heshima, na kumsifu kwa jambo alilolijua kweli. Sifa isiyo na sababu haijengi, na mtoto huitambua upesi. Bora kumwambia: "Mashaallah, jana herufi hii ilikushinda, leo umeitamka sawasawa."

Hata Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 imekataza kumtesa na kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili na kisaikolojia. Kejeli ya darasani, basi, si jambo dogo.

Nasi nyumbani tuna fungu letu. Mtoto arudipo, tusianze na "Umekuwa wa ngapi?" Tumuulize, "Leo umejifunza nini, mwanangu?" kisha tumsikilize hadi amalize. Wala tusimsahau mwalimu wake, ambaye mara nyingi hutuona siku ya malalamiko tu. Asiyewashukuru watu hajamshukuru Mola wake. Na mwalimu aliyeonja shukrani huwa mwepesi wa kuwaonjesha wanafunzi wake.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu vifua na ndimi. Amin.